Shahada ya ualimu wa shule ya msingi nchini Marekani: gharama nilizozitarajia na zilizonishtukiza

Shahada yangu ya ualimu wa shule ya msingi niliisoma hapa Marekani kwa kuunganisha njia mbili: miaka miwili katika chuo cha jamii (chuo cha umma cha kozi za miaka miwili), kisha programu ya mtandaoni ya chuo kikuu cha umma. Shahada hii kwa kawaida huhitaji krediti 120 (vipimo vya kuhesabu masomo aliyomaliza mwanafunzi), na kwa kuwa ada ya krediti katika chuo cha jamii huwa ndogo sana kuliko ya chuo kikuu, niliamini kwamba nusu ya safari nilikwisha kuimaliza kwa gharama nafuu. Hesabu hiyo ilikuwa na kasoro.

Barua ya chuo kikuu ya kutathmini masomo niliyoyahamisha kutoka chuo cha jamii ilisema kuwa krediti zangu zote 60 zimepokelewa, nami kwa furaha sikusoma zaidi. Miezi kadhaa baadaye, nilipolipitia jedwali mstari kwa mstari pamoja na mshauri wa masomo, ndipo nilipoona kwamba masomo matatu, likiwemo hisabati kwa walimu, yameandikwa "somo la hiari", maana yake yalihesabiwa lakini hayakuchukua nafasi ya somo lolote la lazima. Krediti 9 nikazilipia upya kwa ada ya chuo kikuu. Kabla ya kujisajili, ombeni tathmini ya maandishi, na kwa kila somo ulizeni limeingia badala ya lipi.

Masomo ya mtandaoni yenyewe nayasifu. Nilisoma usiku baada ya kazi, na wahadhiri walirudisha insha zangu zikiwa na maelezo ya kina. Hata hivyo, muhula wa mazoezi ya kufundisha haufanyiki kwenye kompyuta: ni takriban wiki 12 hadi 16 za kuwa darasani kutwa, mara nyingi bila malipo, ilhali ada inaendelea kudaiwa. Nililazimika kuacha kazi na kuishi kwa akiba, na kama ningeanza upya, akiba hiyo ningeianza mwaka wa kwanza. Lakini ni katika wiki hizo nilipojifunza ualimu. Mtoto mmoja wa darasa la pili alikuwa akiandika kwamba 52 kutoa 27 ni 35, kwa sababu kila mara alitoa tarakimu ndogo katika kubwa, bila kujali ipi iko juu. Alielewa siku nilipompa vijiti vilivyofungwa kumi kumi, akafungua fungu moja kwa mikono yake mwenyewe.

Kuhusu msaada wa fedha, ruzuku ya serikali kuu iitwayo TEACH, ambayo kisheria inaweza kufikia dola 4,000 kwa mwaka, isipokelewe kwa pupa. Anayeichukua huahidi kufundisha miaka 4 ndani ya miaka 8 baada ya masomo, katika shule inayohudumia familia za kipato cha chini na katika fani yenye upungufu wa walimu. Asipotimiza, hugeuka mkopo wenye riba inayohesabiwa tangu fedha zilipotolewa. Ualimu wa darasa la kawaida hauhesabiwi kuwa fani ya upungufu katika kila jimbo, na kwa sababu hiyo mimi niliiacha.

Mwisho, leseni hutolewa na jimbo, si chuo. Anayesoma mtandaoni katika chuo cha jimbo jingine athibitishe kwa maandishi kwamba programu inatimiza masharti ya jimbo atakalofundisha, na atenge fedha za mitihani ya leseni na za kuchukuliwa alama za vidole, kwani mara nyingi hazimo katika ada.