Kalenda ya Kitibeti na chati ya nyota: uzoefu wangu kutoka Bylakuppe

Kwa asiye na muda wa kusoma yote: kalenda inunue, chati ya kuzaliwa usiikimbilie.

Nipo Mysore, kusini mwa India, kimasomo. Kilomita 80 na ushee kuelekea magharibi iko Bylakuppe, makazi ya Watibeti yaliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya Dalai Lama wa 14, kiongozi wa kidini wa Watibeti, kukimbilia India mwaka 1959. Wageni wengi huenda kuona hekalu la dhahabu la Namdroling, wakapiga picha, wakaondoka. Mimi niliondoka na kalenda ya ukutani, pamoja na risiti ya chati mbili nilizoagiza kwa mnajimu mmoja wa hapo: yangu na ya mama.

Kalenda kwanza, maana ndiyo iliyoniteka. Kila kisanduku kina tarehe mbili, hii yetu ya kawaida na ya kwao inayofuata mwezi. Siku yao ya 15 mwezi umejaa, siku ya 30 haupo. Mtu wa pwani hahitaji maelezo zaidi ya hapo. Kwetu ni Pangani, nami niliielewa kwa bamvua: karibu na 15 na 30 maji hujaa na kupwa sana, katikati ni maji mafu.

Ila usidhani ni kama kalenda ya Kiislamu. Wao hawangoji mtu auone mwezi. Hesabu imeshapigwa kabla mwaka haujaanza, kwa hiyo ule ubishi wetu wa kila Ramadhani, nani kauona na kauonea wapi, kwao haupo. (Wa kwao ni wa namna nyingine: kuna hesabu ya Phugpa iliyoanza 1447, kuna ya Tsurphu, na Bhutan wana yao, hivyo mwaka mpya huweza kuangukia siku tofauti.) Halafu miezi yao haizunguki misimu yote. Katika kila miezi 65 ya jua wanaweka miezi 67 ya mwandamo, maana yake mwezi mmoja wa ziada kila baada ya miaka miwili na nusu na kitu. Nilikaa na kikokotoo nikaona mwaka wao unatoka mrefu kidogo kuliko mwaka wa jua. Tofauti inafika siku moja katika miaka 35 hivi. Kwa hesabu ya watu wa kale, huo ni ufundi mkubwa.

Usishtuke ukiona tarehe imeandikwa mara mbili, au 20 inafuatwa na 22. Mchapaji hajakosea. Siku ya mwezi kwao ni muda ambao mwezi unalitangulia jua kwa nyuzi 12, na muda huo hurefuka na kufupika, haulingani na saa 24. Siku hupewa namba iliyopo alfajiri. Namba ikianza na kwisha kabla ya alfajiri nyingine, inarukwa. Ikizikuta alfajiri mbili, inarudiwa.

Kalenda inakuonyesha pia siku za ibada, kama ya 8 ya Buddha wa Tiba na ya 10 ya Guru Rinpoche, mwalimu wao mkuu wa kale, siku njema za kunyoa, na siku ambazo ni nuksi kutundika bendera za sala. Kilichonivutia zaidi ni uhusiano wake na tiba. Men-Tsee-Khang, taasisi iliyoanzishwa Lhasa mwaka 1916 na kufufuliwa Dharamsala mwaka 1961, inafundisha utabibu na unajimu chini ya paa moja. Wanaamini kuna nguvu ya uhai, kwa jina lao “la”, inayohamahama mwilini kufuata tarehe za mwezi, na siku ya 15 imeenea mwili mzima. Tabibu wa jadi huepuka kutoa damu mahali ilipo siku hiyo.

Sasa chati. Mnajimu mwenyewe ni mtu mpole. Alinionyesha ubao wa zamani wa kuhesabia: unamwagiwa vumbi laini, unaandika namba kwa kijiti, unafuta, unaendelea. Hapo nilifurahi kweli. Matokeo yalipokuja, tena yakiwa yamechelewa sana, furaha ikapungua.

Mimi ni wa 1990, Farasi wa Chuma. Mama ni wa 1966, Farasi wa Moto. Na mwaka huu ulioanza 18 Februari 2026, ambao kwao ni wa 2153, ni Farasi wa Moto vilevile. Wanyama ni 12, na asili ni tano: mti, moto, udongo, chuma na maji, kila moja ikishika miaka miwili. Mchanganyiko uleule hurudi baada ya miaka 60, kwa hiyo mama kamaliza mzunguko mzima. Ila kwao mwaka wa mnyama wako haushangiliwi, ni mwaka wa vikwazo. Wanapima nguvu za mtu kwa vijiwe, vyeupe vya heri na vyeusi vya shari. Nguvu yangu ya uhai ilipata kijiwe cheusi kimoja, bahati cheusi kimoja, na uwezo wa kufanikisha mambo viwili vyeusi, kwa kuwa moto ni adui wa chuma. Mama, moto kwa moto, akapata kimoja tu hapo.

Tatizo ni kwamba hayo yote yanatoka kwenye jedwali. Kila aliyezaliwa mwaka wa Farasi wa Chuma ana vijiwe vilevile, nami ningeweza kuvihesabu mwenyewe mezani. Nililipa nikitaka cha kwangu. Kurasa zilizobaki zilisema nina moyo mwema lakini hasira ziko karibu. Nani hana? Utabiri siuamini, na dini yangu hainiruhusu kuuamini. Nilichofuata ni hesabu, na hesabu ndiyo iliyolegezwa.

Sifa moja nampa: hakunitisha ili nitoe pesa zaidi. Aliyezoea matangazo ya waganga kwenye nguzo za umeme Dar atashangaa. Dawa ya mwaka mbaya, alisema, ni kutundika bendera za sala siku njema, au kumkomboa mnyama aliyekuwa aende kuchinjwa.

Ukiamua kuagiza hata hivyo, angalia saa ya kuzaliwa. Mama alizaliwa saa kumi usiku wa kuamkia Jumatano, nami niliandika hivyohivyo. Chati ikaja na Jumatano. Lakini siku ya Kitibeti huanza alfajiri, kwa hiyo kwa kanuni yao wenyewe mama ni wa Jumanne, siku ya sayari ya Mars. Si jambo dogo kwao, maana wanawapa watoto majina ya siku kama sisi tunavyowaita kina Juma na Khamisi: wa Jumanne ni Migmar, wa Jumatano ni Lhakpa. Nilipouliza, alirekebisha bila malipo. Basi andika saa kwa mtindo wa 24, kwa mama ilikuwa 04:00, taja mji, na ueleze ni usiku wa kuamkia siku gani. Waliozaliwa Januari na Februari waulize kwanza Losar, yaani mwaka mpya wa Kitibeti, ya mwaka wao iliangukia lini, kwani huenda mnyama wao ni wa mwaka uliotangulia.