Vifaa vya kupimia umeme chini ya boneti: kipi ununue kwanza kwa gari la zamani

Gari la miaka ya 1990 likianza kusumbua umeme, hela ya kwanza karibu kila mara huenda kwenye betri mpya. Betri nayo ikizidiwa, inatafutwa altaneta (mashine inayochaji betri) ya mtumba, halafu stata. Mwisho fundi mmoja mwenye subira anafungua boneti, anakwangua kutu kwenye waya wa erthi (unaounga hasi ya betri na chuma cha gari), na gari linawaka. Hela zote hizo zimeenda bure kwa sababu hakuna aliyepima. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kabla ya kununua kipuri chochote cha umeme, nunua kipimo.

Mwongozo huu ni wa mwenye Corolla AE100 au AE110, Mark II GX90 au GX100, Nissan Sunny ya umri huo na magari ya aina hiyo. Nimevipanga vifaa kwa zamu ya kuvinunua. Bei sitaji kwa sababu zinabadilika duka hadi duka, ila taa ya kupimia ndiyo rahisi kuliko vyote.

Nafasi ya 1: malitimita ya kidijitali, ya daraja la kati

Malitimita ni kifaa kimoja kinachopima volti, ampea na ukinzani wa waya, na huyu ndiye mfalme. Ukiwa na hela ya kifaa kimoja tu, iende hapa.

Ile ndogo ya njano aina ya DT830, inayouzwa hadi na wamachinga, itakuonyesha volti za betri bila shida kubwa. Ila ina mambo matatu ya kuyajua. Tundu lake la ampea 10 kwa kawaida halina fyuzi ndani, kwa hiyo ukikosea kuchomeka, nyaya zinaungua mkononi. Betri yake ya volti 9 ikichoka, inaanza kusoma juu kuliko hali halisi, nawe unaamini altaneta inachaji kupita kiasi. Na kipimo chake cha chini kabisa cha volti za AC (umeme wa kugeukageuka) ni cha 200, kwa hiyo haiwezi kukupa jibu la kuaminika unapotafuta daiodi mbovu za altaneta, yaani vipande vinavyogeuza AC yake kuwa DC (umeme wa mwelekeo mmoja) ya kuchaji betri. Ongeza hela kidogo upate ya UNI-T au inayolingana nayo, yenye fyuzi kwenye tundu la ampea, mlio wa kupima kama waya umekatika, na kitufe cha kushika kipimo cha juu na cha chini. Hicho cha mwisho ni muhimu sana kwa anayepima peke yake: unakwenda kupiga stata, ukirudi kipimo kinakusubiri. Fluke ni nzuri na inadumu, lakini kwa gari moja la nyumbani si lazima.

Namba za kukariri ni chache. Betri iliyopumzika usiku kucha na kujaa vizuri inasoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Gari likiunguruma, tegemea kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, chaji haifiki. Ikivuka 15, regyuleta ya altaneta (inayodhibiti volti zake) ina kasoro na betri inachemshwa. Kwa daiodi, pima betri kwa AC huku gari linaunguruma na taa kubwa zinawaka: zaidi ya nusu volti ni dalili mbaya.

Lakini faida kubwa ya malitimita ni kipimo ambacho mafundi wengi wa mtaani wanakiruka, yaani kutafuta volti zinazopotea njiani. Chukua Corolla AE110 inayopiga “tik” asubuhi na stata haizunguki. Betri inasoma 12.5. Mtu akipiga stata, kwenye vichwa vya betri unaona 11.9, maana yake betri haijalemewa hata kidogo. Sasa weka ncha nyeusi juu ya nguzo yenyewe ya hasi, ile risasi ya katikati, si kwenye kichwa cha waya. Ncha nyekundu iguse chuma safi cha injini. Piga stata tena. Kipimo kizuri hakivuki 0.3. Ukiona volti 2 au 3, umeshamkamata mwizi: waya wa erthi kati ya betri na injini umeliwa, au boliti yake imelegea juu ya kutu na rangi. Betri haina kosa, stata haina kosa. Fungua boliti, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, pima tena. Ukikuta unga wa kijani umeingia ndani ya waya chini ya plastiki, usihangaike kuusafisha; badilisha waya mzima. Kwa magari ya Dar, Tanga, Mombasa na Unguja, ambako hewa ya chumvi haipumziki, ningeanzia hapo kabla ya kugusa kitu kingine.

Rudia kipimo hicho upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi boliti kubwa nyuma ya altaneta, gari likiunguruma na taa zimewashwa. Hapo napo volti chache sana ndizo ziruhusiwe kupotea, 0.2 au 0.3.

Kuna mtindo ambao malitimita inauondoa kabisa, nao ni kuchomoa kichwa cha betri huku gari linaunguruma ili kuona kama altaneta inafanya kazi. Ukichomoa, volti zinaruka ghafla na zinaweza kuunguza kontroli boksi (kompyuta ya injini) au daiodi za altaneta hiyohiyo unayoipima. Fundi akitaka kufanya hivyo kwenye gari lako, mzuie.

Nafasi ya 2: taa ya kupimia yenye balbu

Wengi wanaona malitimita imeifanya taa kuwa kitu cha zamani. Mimi ningenunua vyote siku moja. Malitimita haivuti umeme karibu wowote, kwa hiyo waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba bado utasoma volti 12 safi. Taa inavuta umeme kidogo, na waya dhaifu unaanza kujifichua: balbu inafifia au haiwaki. Ibane vizuri, kisha tikisa nyaya taratibu kuanzia kwenye plagi hadi kwenye boksi la fyuzi. Balbu ikipepesa, umefika palipokatika. Hata panya akiwa ameguguna waya nyuma ya betri, utapaona kwa njia hii.

Jitengenezee na kubwa yake bila gharama: balbu ya H4 ya taa kubwa ambayo upande mmoja umeungua, ungia nyaya mbili upande mzima. Wati 55 zinavuta zaidi ya ampea 4, mzigo wa kutosha kuupima waya wa feni ya rejeta au wa pampu ya mafuta. Ikiwaka kwa nguvu pale kwenye plagi, waya na rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ni vizima, tafuta tatizo kwenye feni yenyewe.

Onyo moja, na ulizingatie: taa ya balbu isiguse nyaya za sensa, nyaya zinazoingia kontroli boksi, wala nyaya za mifuko ya hewa, ambazo mara nyingi plagi zake ni za njano. Kwenye sensa na kontroli boksi ni malitimita tu; nyaya za mifuko ya hewa usiziguse hata kwa malitimita, maana mfuko unaweza kulipuka.

Nafasi ya 3: klampu ya DC

Nunua hii kama betri yako inakufa gari likiwa limeegeshwa. Unabana taya zake kwenye waya wa betri na kusoma ampea bila kufungua kitu. Gari lililozimwa na kutulia linatakiwa kuvuta chini ya miliampea 50. Likivuta nusu ampea, betri ya ampea-saa 45 haitafika siku ya nne ikiwa na nguvu ya kuwasha. Kisha unachomoa fyuzi mojamoja hadi namba ishuke.

Dukani kuwa macho: klampu nyingi za bei ya chini zinasoma ampea za AC tu, za mafundi wa umeme wa majumbani, na kwenye gari zitakuonyesha sifuri. Hakikisha alama ya ampea ina mstari ulionyooka wa DC na kwamba inasoma hadi miliampea. UNI-T UT210E inajulikana kwa kazi hii. Kama hela haitoshi, malitimita kwenye tundu la ampea 10 itafanya kazi hiyohiyo ukiiunga kati ya nguzo ya hasi na waya wake. Usipige stata wakati huo, na ukimaliza rudisha waya kwenye tundu la volti.

Nafasi ya 4: kifaa cha kusoma kodi

Kodi ni namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari inazihifadhi. Vile vidogo vya Bluetooth vya ELM327 vya kuzisoma vinanunuliwa sana, na kwa gari la 2008 vina msaada. Kwa Toyota ya soko la Japani ya 1996, mara nyingi havitaongea na gari. Marekani ililazimisha OBD-II, kiwango cha pamoja cha kusoma kodi ambacho vifaa hivyo vinakitegemea, kuanzia mwaka 1996, lakini magari yetu mengi yalitengenezwa kwa ajili ya Japani, ambako mambo yalikuwa tofauti. Kwenye Toyota nyingi za umri huo, tafuta chini ya boneti kiboksi cheusi chenye kifuniko. Unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha, hesabu jinsi taa ya injini inavyomeremeta. Mimeremeto miwili, kituo, miwili tena ni kodi 22: sensa ya joto la maji au waya wake. Hela ya kifaa imebaki mfukoni.

Nafasi ya 5: kipima betri cha kidijitali

Ni kizuri kwa mwenye gereji. Wewe mwenye gari moja, duka lenye heshima linalouza betri litakupimia.

Ukiwa dukani, Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi, usiondoke na malitimita ambayo haijajaribiwa. Iweke kwenye omu (kipimo cha ukinzani), gusanisha ncha zake: isome chini ya 1 na itulie. Mlio utoke papo hapo bila kusita. Pima betri mpya ya tochi, isome karibu 1.5 au 1.6. Tikisa nyaya zake pale zinapoingia kwenye ncha. Namba ikirukaruka, omba nyingine. Na ulizia klipu za mamba za kuchomeka kwenye ncha, maana mikono miwili haitoshi kushika nyaya mbili, tochi na plagi kwa pamoja.