Isabgoli kwa ajili ya kolesteroli: inachoshusha, isichoshusha, na namna ya kuinywa isikukwame

Duka lolote la viungo la Kihindi, iwe Kisutu jijini Dar es Salaam au Ngara kule Nairobi, halikosi boksi la isabgoli, mara nyingi rafu moja na uwatu na habasoda. Wengi huinunua kwa ajili ya choo kigumu, na kwa kazi hiyo haina ubishi. Wengine sasa wanaiulizia kwa sababu majibu ya maabara yameonyesha kolesteroli imepanda na hawataki kuanza vidonge. Kati ya vitu vya asili vinavyouzwa kwa madai hayo, hiki ni kimoja kati ya vichache vyenye ushahidi unaosimama. Ila kinashusha kidogo, na kina masharti.

Kinachouzwa ni ganda la nje la mbegu ya Plantago ovata, zao la Gujarat na Rajasthan huko India. Boksi linaloonekana zaidi kwenye maduka haya, Sat-Isabgol ya nembo ya Telephone, hutoka mji wa Sidhpur. Ganda likikutana na maji huvimba likawa ute mzito, na ute huo ndio dawa yenyewe. Ini hutengeneza asidi za nyongo kwa kutumia kolesteroli, huzimwaga kwenye utumbo ili zisaidie kusaga mafuta, kisha karibu zote hunyonywa tena mwisho wa utumbo mwembamba na kurudi ini. Ute wa isabgoli hunasa sehemu ya asidi hizo zikatoka na choo. Ini likipungukiwa, huvuta LDL, ile iitwayo kolesteroli mbaya, kutoka kwenye damu litengeneze asidi nyingine. Basi usitarajie makubwa kwenye trigliseridi (mafuta mengine ya kwenye damu) wala HDL (kolesteroli nzuri), maana hiyo si njia yake. Na anayekuambia “inasafisha mishipa” anauza maneno. Utando ulioshajijenga kwenye kuta za mishipa hauoshwi na nyuzinyuzi za tumboni.

Kwa gramu 10 hivi za maganda kwa siku, LDL hushuka kati ya asilimia 5 na 10, yaani karibu 0.3 mmol/L. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu mwaka 1998 watengenezaji waandike kwenye pakiti kwamba inasaidia kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo, kwa kiwango cha gramu 7 za nyuzinyuzi zinazoyeyuka kwa siku, sawa na gramu 10 na kidogo za maganda. Piga hesabu kabla ya kulipa: mwenye LDL ya 4.0 atarajie 3.7 hivi. Akijibiwa kwa mg/dL, 155 itashuka hadi 143 au karibu na hapo. Ukiwa na majibu ya vipimo viwili tofauti, zidisha mmol/L kwa 38.67 upate mg/dL, usije ukashangilia namba zisizolingana.

Dukani soma boksi kwa makini. Unataka maganda matupu, yasiyo na ladha wala sukari. Zile poda za rangi ya chungwa zina ladha nzuri, lakini nyingi zimejazwa sukari, na sukari ya kila siku hupandisha trigliseridi. Unatibu huku unaharibu kule. Usafi huandikwa kwa asilimia: 85, 95, 98 au 99. Chukua 95 kwenda juu. Maganda mazuri ni meupe yenye kuelekea krimu, mepesi kama pumba za mchele zilizopepetwa vizuri. Ukiona vipande vyeusi vingi na vumbi chini ya mfuko, rudisha. Mbegu nzima za isabgoli pia zinauzwa kwa bei ya chini, ila ute wake ni mdogo mno ukilinganisha na maganda. Wala usipewe zile mbegu nyeusi za faluda. Nazo huvimba, lakini ni za jamii ya mrehani, mmea mwingine kabisa.

Kapsuli tunaziweka pembeni bila kusita. Kapsuli moja hubeba kama nusu gramu, kwa hiyo kufikia gramu 10 utameza 20 kila siku, kila chache kwa glasi ya maji. Unalipia ganda la kapsuli.

Vipimo vya kijiko vinadanganya. Kijiko cha chakula cha maganda mazima, kikisawazishwa juu, kina gramu 5 hivi. Kijiko hichohicho cha maganda yaliyosagwa kinakaribia mara mbili ya uzito huo. Kama nyumbani kuna mizani ya jikoni, pima mara moja, weka alama kwenye kijiko, basi. Wiki ya kwanza nywa gramu 3 tu kwa siku. Wiki ya pili gramu 5. Baada ya hapo gramu 5 mara mbili, pamoja na chakula au muda mfupi kabla yake, kwa sababu nyongo humwagwa wakati wa kula na ute unatakiwa uwe pale. Wanaoruka hatua hizi na kuanza na vijiko viwili siku ya kwanza ndio wanaojaa gesi, tumbo linanguruma usiku kucha, na boksi linaishia kabatini.

Namna ya kunywa ndiyo inayoharibiwa zaidi. Mimina maji ya kawaida mililita 250 hadi 300 kwenye glasi kubwa kwanza, kisha nyunyiza maganda juu huku unakoroga. Ukianza na maganda chini ya glasi, yanashikana yakawa madonge makavu katikati. Sekunde za mwanzo yanaelea, yakizunguka kama vumbi la mbao. Kabla ya dakika mbili maji yameshakuwa mazito na kijiko kinaanza kusimama. Nywa kabla ya hapo, ukiwa umekaa wima, kisha fuatisha glasi nyingine ya maji matupu. Maji ya moto yanaharakisha kuganda, kwa hiyo usiyatumie. Waweza kuchanganya kwenye mtindi au uji uliopoa, ila glasi ya maji ya kufuatisha haisameheki. Kubugia maganda makavu kisha kusukuma na maji ni hatari kweli: yanavimba kooni na kukaba. Na anayekunywa maji kidogo kutwa nzima hupata kinyume cha alichokitaka, choo kinakauka kikawa kigumu zaidi. Wakati wa Ramadhani gawa kwenye futari na daku, si ile daku ya kukimbizana na adhana.

Asiyeweza kumeza vizuri, aliyewahi kuziba utumbo au mwenye mirija ya chakula iliyosinyaa asiiguse. Ute unachelewesha pia dawa kuingia mwilini. Acha pengo la saa mbili hivi na dawa nyingine, hasa za tezi la shingo, digoksini, warfarini, kabamazepini na lithiamu. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge aangalie sukari yake kwa karibu mwanzoni, maana isabgoli huishusha kidogo baada ya mlo. Vumbi lake huwasha baadhi ya watu pua na kifua. Wenye mzio wasilivute wakati wa kumimina.

Ushindani wake dukani ni oti. Gramu 3 za beta-glukani, nyuzinyuzi zinazoyeyuka za oti, kwa siku, kiwango ambacho FDA ilikikubali mwaka 1997, zinapatikana kwenye gramu 75 hivi za oti kavu, bakuli la kushiba. Matokeo yanakaribiana, na oti ni chakula kamili. Isabgoli inamfaa zaidi asiyetaka kuacha chapati na chai yake ya asubuhi. Vidonge vya kitunguu saumu, mdalasini na manjano ni habari nyingine. Jaribio lililotangazwa Marekani mwezi Novemba 2022 lilivipima pamoja na mafuta ya samaki, steroli za mimea na mchele mwekundu uliochachushwa, kwa siku 28, dhidi ya rosuvastatini, dawa ya kolesteroli ya kundi la statini, ya miligramu 5. Rosuvastatini ilishusha LDL karibu asilimia 38. Hakuna hata kimoja kati ya vile sita kilichokizidi kidonge kisicho na dawa kwa kiasi cha maana. Huo mchele mwekundu nao una monakolini K, ambayo ni lovastatini yenyewe, statini nyingine, kwa jina jingine, tena kwa kipimo kinachobadilika kutoka chupa hadi chupa. Anayeukimbilia kuepuka dawa anameza dawa asiyoijua kipimo.

Isabgoli haishindani na sufuria. Tui zito kila siku na mafuta ya mawese ya kukaangia vitakurudisha ulikotoka: mafuta ya nazi yana zaidi ya asilimia 80 ya mafuta yaliyoshiba, ya mawese karibu nusu, ya alizeti kama kumi tu. Kubadili chupa ya kupikia kunaweza kukupa zaidi ya kijiko hiki. Wa Pwani waangalie na kahawa chungu, kwani kahawa iliyochemshwa bila kuchujwa kwa karatasi hubaki na kafestoli, inayopandisha LDL. Vikombe viwili vitatu vya barazani si shida. Birika zima kila jioni ni shida.

Pima LDL kabla ya kuanza, kisha baada ya wiki 8, maabara ileile. Trigliseridi zikizidi 4.5 mmol/L, LDL ya kukokotolewa haiaminiki. Omba ipimwe moja kwa moja. Aliyewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo, mwenye kisukari aliyevuka miaka 40, na mwenye LDL ya 4.9 kwenda juu, asitumie boksi hili badala ya statini. Anaweza kulitumia juu yake: nyongeza hii hufanya kazi karibu sawa na kuongeza dozi ya statini maradufu, na hapo ndipo tunapoona thamani yake kubwa kuliko yote.

Kuhusu kiasi cha kununua, gramu 100 zinaisha kwa siku 10, kwa hiyo wiki 8 za kipimo kamili zinataka gramu 560. Anza na boksi dogo uone tumbo linavyopokea. Hewa ya Pwani ina unyevu, na boksi lililofunguliwa huanza kushikana madonge. Hamishia kwenye chupa kavu yenye kifuniko cha kubana, na usichote kwa kijiko chenye maji.