Seti ya rola 16 za trela la boti: mpira mzuri, mpangilio wa kiwandani wa kuvunjwa

Boti ya Dodoma haiishi majini. Ya Bagamoyo inalala ikielea. Ya hapa inashuka bwawa la Mtera siku mbili, halafu inakaa uani miezi mitatu juu ya trela. Trela ndilo kitanda chake. Rola zikikaa vibaya, chombo kinaharibika kikiwa kimefunikwa turubai na hakuna aliyekigusa. Kwa jicho hilo ndilo tumeikagua seti hii.

Ndani ya boksi mna rola 16 za pembeni za poliurethani (plastiki inayonyumbuka kama mpira), mikono 4 inayobembea (kila mmoja unabeba rola 4), rola 3 za mkuku (uti wa chini wa boti), kizuizi cha mbele chenye umbo la V, na bolti za umbo la U za milimita 12. Tuliifunga kwenye trela la ekseli moja, juu yake boti ya faiba ya futi 14 yenye injini ya hospawa 40.

Rola zenyewe ni nzuri, tena sana. Mpira mweusi wa kawaida unachora mistari kwenye rangi ya boti, na ukibebeshwa muda mrefu sehemu moja unabonyea na kuacha kuzunguka. Poliurethani haichafui na inarudi kwenye umbo lake. Ubaya uko kwenye vitu vidogo: washa ni nyembamba kama sarafu, na zile kofia za kubana mwisho wa shafti zinatoka zenyewe barabara ikianza kutikisa. Zitupe. Toboa shafti, weka washa nene na spliti pini. Gharama yake haifiki hata bei ya rola moja.

Sasa kasoro kubwa, ambayo kwa haki si ya seti hii peke yake. Picha ya maelekezo inaonyesha mikono ya pembeni ikiwa juu, rola za mkuku zikiwa chini. Ukifunga hivyo, boti inabebwa mbavuni na mkuku unaning'inia. Faiba ya pembeni ni nyembamba kuliko ya mkukuni, na kila tuta la barabara ya Iringa linaligonga eneo lile lile. Utaanza kuona nyufa ndogo zilizotawanyika kama nyota kwenye rangi, baadaye sakafu inalia ukiikanyaga. Mpangilio sahihi ni kinyume chake: mkuku unabeba karibu uzito wote, rola za pembeni zinazuia tu boti isilale upande.

Kuurekebisha kunachukua saa mbili au tatu kwa watu wawili. Vifaa ni spana mbili za 19, jeki mbili za chupa, pima maji, uzi wa fundi mwashi, vipande vya mbao vilivyofungwa zulia kuukuu, na mawe ya kuzuia matairi. Fungua kwanza kizibo cha kutolea maji. Lita 100 zilizosahaulika ngamani, chini ya sakafu ya boti, ni kilo 100 zitakazokudanganya katika kila kipimo.

Sawazisha trela kwa pima maji juu ya chasisi, mbele na nyuma. Inua boti kwa jeki na mbao chini ya mkuku, sentimita 3 zinatosha, tena pale ambapo ndani kuna kiunzi, siyo kwenye faiba tupu. Jeki isiachwe peke yake: panga mbao pembeni yake kabla hujaingiza mkono. Legeza mikono yote minne ya pembeni ishuke kabisa. Halafu vuta uzi kutoka rola ya kwanza ya mkuku hadi ya mwisho, pita juu ya ile ya katikati. Kama mkuku wa boti yako umenyooka, rola zote tatu ziguse uzi. Ya katikati ikizidi hata milimita 5, boti itapanda juu yake kama mbao kwenye jiwe.

Rola ya mwisho ndiyo inayokosewa zaidi. Ni lazima ikae chini kabisa ya ubao wa nyuma unaobeba injini, au izidi kidogo kwa nyuma. Ikiwa sentimita 30 mbele yake, injini inaning'inia hewani na miezi ya kukaa uani inaupinda mkuku kwenda chini. Boti ya namna hiyo ukiikimbiza majini inachimba pua, na mwenyewe analaumu propela.

Teremsha boti juu ya mkuku, kisha pandisha mikono ya pembeni mmoja mmoja mpaka rola ziguse. Kipimo ni kiganja chako. Shika rola uizungushe: ikizunguka bure, haijafika, ikigoma kabisa, umeipandisha mno. Inayotakiwa inazunguka kwa kulazimishwa. Ziguse sehemu laini ya tumbo la boti, zisipande kwenye ile mikunjo inayokwenda urefu wa boti, maana mkunjo ukikaa kwenye rola unabeba wenyewe uzito wa rola nne. Kaza bolti za U kwa zamu, robo mzunguko huku, robo kule, hadi spring washa ilale. Ukizidisha unaibonyeza bomba ya chasisi. Weka alama ya rangi kwenye nati na chuma, ili ukisimama njiani, tuseme Mlowa Barabarani, uone kwa jicho tu kilicholegea, ukaze tena.

Kizuizi cha V kifuate boti, siyo boti ifuate kizuizi. Kikae pale pua inapofika rola za nyuma zikiwa mahali pake, na pete ya pua iwe chini kidogo ya V, mkanda wa winchi ukivuta karibu usawa. Halafu pima uzito wa kichwa cha trela (ncha inayofungwa kwenye gari) kwa mizani ya kupimia watu, juu ya tofali kwa kimo cha gari. Trela na mzigo wake vikiwa kilo 650, kichwani pawe na kilo 45 hadi 65. Pungufu ya hapo trela linachezesha mkia. Dawa yake ni kuirudisha ekseli nyuma kidogo; ukisogeza boti mbele, umeharibu kazi yote ya rola ya mwisho.

Mtera ndipo seti hii inapojilipa. Bwawa linashuka kutoka mita 698.5 juu ya usawa wa bahari hadi 690, na kwa ardhi ile tambarare maji yanakimbia mbali, yanaacha tope. Kwa rola, boti inateleza bila kuzamisha trela mpaka ekseli. Hiyo inaokoa pia beringi: hab (kitovu cha gurudumu) iliyotoka safarini ikiwa ya moto ikizamishwa ghafla, hewa ya ndani inajikunja na kuvuta maji kupitia sili. Subiri ipoe hadi uweze kuishika.

Mwenye boti ya faiba au ya alumini yenye mkuku, inunue. Mwenye boti ya mbao aiache: rola inagonga ubao mmoja mmoja na kufungua viungo vilivyokauka kwa jua la hapa. Yeye mbao ndefu mbili zilizofunikwa zulia zinamtosha.