Otranto: nilifuata ngome, nikanasa kwenye sakafu

Nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoikata, nusu yake ni kosa langu mwenyewe.

Otranto ni mji mdogo kwenye kisigino cha Italia. Kutoka Lecce nilipanda treni, nikabadilisha Maglie, nikafika saa sita mchana jua likiwa utosini. Mbio hadi kanisa kuu, mlango umefungwa! Mchana wanapumzika hadi saa tisa. Basi nikatafuta kivuli, nikaagiza frisa: mkate wa shayiri mkavu kama kigae, wanauchovya kwenye maji kidogo, juu wanaweka nyanya, chumvi na mafuta ya zeituni. Rahisi, na unashiba.

Saa tisa nikaingia. Jamani, ile sakafu! Mtawa aitwaye Pantaleone aliipanga kwa vijiwe vya rangi kati ya 1163 na 1165: mti mmoja mrefu unaoanzia karibu na mlango na kupanda kuelekea madhabahuni. Matawini yumo Nuhu na safina yake, mnara wa Babeli, Aleksanda Mkuu, kazi za miezi 12, hata mfalme Arthur wa hadithi za Waingereza kapanda mnyama kama beberu. Na shina lote limebebwa na tembo wawili. Mimi ni mtu wa Morogoro, tembo wa Mikumi nimewazoea kupitia dirisha la basi. Hawa wa Pantaleone nadhani ni tembo wa kusimuliwa. Nilicheka peke yangu kanisani.

Kilichoniudhi ni mabenchi. Yamewekwa juu ya mchoro, pembeni kuna kamba, kwa hiyo unautazama vipande vipande huku shingo imepinda.

Kicheko kilikatika kwenye kanisa dogo upande wa kulia. Nyuma ya vioo kuna mafuvu na mifupa, imepangwa hadi juu. Mwaka 1480 jeshi la Dola ya Uthmaniya liliuteka mji, na wanaume 800 hivi waliokataa kubadili dini wakakatwa vichwa mlimani. Papa Fransisko aliwatangaza watakatifu mwaka 2013. Sikupiga picha.

Ngome ilijengwa upya na Waaragoni, watawala wa kusini mwa Italia wakati huo, baada ya uvamizi huo, na jina lake lilivuma Ulaya kwa sababu ya riwaya ya Kiingereza ya 1764, The Castle of Otranto. Kwangu mimi inapendeza zaidi kwa nje. Pesa ya tiketi ningenunulia samaki. Heri kanisa la San Pietro, dogo kama sebule, kuta zake zina picha za enzi za Bizanti, yaani Dola ya Roma ya Mashariki.

Kurudi nilipanda basi, likachelewa dakika 40.

Kitu kimoja kwa akina dada: funikeni mabega. Mama mmoja mbele yangu alizuiwa mlangoni, nikamwazima kanga yangu. Alipotoka akaniuliza kitambaa hicho kinauzwa duka gani hapo mjini.