Pete ya kinga kwa mbwa kipofu: nzuri, ila operesheni kwanza

Nianze na jibu kwa wenye haraka: hii pete inafanya kazi, naipa nyota 4 kati ya 5, lakini kama mbwa wako haoni na jicho lenyewe linamuuma basi usiinunue saa hizi, hela peleka kwa daktari wa mifugo jicho litibiwe, pete itasubiri.

Kwa asiyeijua ni hivi. Ni hanesi ya kawaida ya kifuani halafu kwenye mabega inatoka pete ya plastiki nyepesi inayopita mbele ya pua ya mbwa bila kumgusa. Akikaribia ukuta au mguu wa meza pete ndo inagonga kwanza, anahisi mtikisiko mabegani, anasimama au anageuka. Yaani inamfanyia kazi ile ile ambayo fimbo nyeupe inamfanyia mtu asiyeona.

Wangu anaitwa Tomi. Tulimchukua akiwa hana mwenyewe, macho yote mawili hayaoni, la kushoto limevimba, jekundu, na kioo cha mbele kimeweka ukungu wa bluu. Kila aliyemwona alimsifia upole, katulia, analala tu, kichwa chini muda wote, ukitaka kumshika upande wa kushoto anakwepa taratibu bila hata kubweka. Kumbe mbwa anaumwa jamani. Daktari akampima presha ya jicho na kile kifaa kinachogusa jicho kidogo tu, kawaida ya mbwa inakuwa kama 10 mpaka 25 hivi, ya Tomi ilikuwa imepita huko mbali sana. Glakoma. Maji ya ndani ya jicho hayatoki vizuri, yanajaa, yanaukandamiza mshipa wa kuonea mpaka unakufa, na ukishakufa hakuna dawa ya kuurudisha. Ikija kwa ghafla mbwa anaweza kupoteza kuona ndani ya masaa au siku chache, kwa hiyo ukiona jicho la mbwa wako limekuwa jekundu na lina ukungu usisubiri wiki iishe, kimbia.

Na hapa niseme kitu maana watu wanachanganya sana. Upofu wa mbwa haufanani. Mwenye mtoto wa jicho, ambao mbwa wenye kisukari huwa wanaupata haraka mno, anaweza kufanyiwa operesheni akaona tena, ile lenzi iliyoharibika inavunjwavunjwa kwa mawimbi ya sauti inanyonywa halafu anawekewa ya bandia, ila lazima kwanza wapime kama retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, bado inafanya kazi la sivyo mnamsumbua bure. Kwa Tomi habari ilikuwa nyingine, jicho la kushoto lilishakwisha na lilikuwa linamtesa tu, kwa hiyo likatolewa akiwa nusu kaputi, kope zikashonwa zikafungwa moja kwa moja. La kulia nalo halioni ila presha yake inashikika kwa dawa ya matone, hiyo ndo tunaendelea nayo kila siku na saa ya dawa haipitwi.

Najua kutoa jicho kunatisha kusikia. Lakini nyuzi hazijatoka hata zote huyu mbwa akaanza kula vizuri, kutingisha mkia, kubeba viatu vya watu! Anaweka kichwa chake mkononi mwako upande ule ule aliokuwa anakwepa. Hicho hakuna pete wala kifaa chochote kingeweza kumpa.

Sasa turudi kwenye pete. Wakati ana nyuzi alikuwa na koni shingoni, ile kola pana inayozunguka kichwa asijikune kidonda, na hivi viwili havivaliki pamoja, koni inagongana na pete, pete inasukuma koni, fujo tupu. Halafu koni yenyewe inamkinga uso asijigonge kwa hiyo kipindi kile hauhitaji kingine. Tulimvalisha baada ya kidonda kufunga kabisa. Mwanzoni aliganda, hataki kutembea, tukawa tunamvalisha dakika chache na vitu vitamu anavyopenda, tunavua, kesho tena. Alipoielewa ndo nikaona faida yake, mbwa aliyekuwa anatambaa na ukuta akaanza kukatiza katikati ya chumba kichwa kikiwa juu. Kwa mbwa mwenye jicho moja lililobaki na tayari presha yake ni ya kubembelezwa, kujigonga uso si jambo la kupuuza.

Udhaifu upo. Haioni shimo wala ngazi, inakinga kilicho mbele ya pua tu, kwa hiyo ngazi bado ziwekewe kizuizi. Inakwama kwenye nafasi nyembamba. Akiwa anacheza na mbwa mwingine ivue, akilala ivue, ukitoka ukamwacha peke yake ivue, inaweza kunasa mahali. Na wauzaji wanaitangaza kama vile ni ya kuvaa kutwa nzima, mimi sikubaliani, nyumbani Tomi ameshaijua nyumba kwa pua na miguu, kuna zulia kila mlangoni, meza na viti havihamishwi, na kila mtu anamwita kabla ya kumgusa. Pete tunamvalisha tukienda sehemu ngeni tu.

Ukinunua chagua inayoshikilia kifuani na mabegani, achana kabisa na zile zinazofungwa kwenye kola ya shingo. Mbwa mwenye glakoma hatakiwi kubanwa wala kuvutwa shingo, kunapandisha presha ya jicho, hata kamba ya kutembezea ifungwe kwenye hanesi. Mpime kifua akiwa amesimama, na pete ikae usawa wa pua yake pale anapotembea kawaida, mbwa wengi wasioona wanainamisha kichwa wakitembea kwa hiyo ukipima akiwa ameinua kichwa itakaa juu sana na atajigonga vile vile. Nyota niliyoipunguza ni ya velkro, inashika manyoya na ikichafuka inaachia.