Jumamosi Kinnick, Iowa City: uzoefu wangu na futiboli ya Kimarekani

Nimekulia Keko, Dar es Salaam, ambako kwenda kwa Mkapa, yaani Uwanja wa Benjamin Mkapa, ni kutembea kwa miguu tu. Siku ya Simba na Yanga tulikuwa tunaingia asubuhi, mechi jioni, na jua lote linatuishia kichwani. Kwa hiyo uwanja uliofurika haunitishi. Hata hivyo nina miaka minne hapa Iowa na nilikuwa sijawahi kukanyaga Kinnick, uwanja wa timu ya Chuo Kikuu cha Iowa, maana huu mpira wao sikuuelewa na tiketi si bei ya mchezo. Aliyenivuta ni mdogo wangu mmoja wa Bukavu ambaye tunafanya naye zamu ya usiku.

Tiketi tulinunua kwenye programu ya simu. Ilianza dola 70, kufika kwenye malipo imekuwa 96. Ada juu ya ada. Mwenzetu mwingine kazini alivumilia hadi Ijumaa jioni akapata kwa nafuu kubwa, kwa hiyo msikimbilie kununua wiki tatu kabla kama tulivyofanya sisi.

Iowa City ina watu karibu 75,000. Uwanja unachukua 69,250. Pigeni hesabu wenyewe. Na kwa msimu mzima mechi za nyumbani hazizidi saba au nane, ndiyo maana kila moja inaliwa kama Idi. Mechi yetu ilikuwa saa tano asubuhi. Saa moja na nusu tulikuta barabara ya Melrose imejaa moshi wa nyama. Watu wameshusha milango ya nyuma ya pikapu, wameweka majiko na viti, bia mkononi asubuhi yote hiyo. Kuna bibi wa miaka sabini na kitu alikuwa amevaa ovaroli ya mistari nyeusi na ya dhahabu, anatafuna paja la bata mzinga kubwa kuliko mkono wake. Wenye nyumba wanakodisha bustani zao kwa kuegesha magari. Sisi tulitoa dola 30. Mzee mmoja aliposikia ni mara yetu ya kwanza akatupa soseji, na hakutuuliza tumetoka wapi mpaka tulipomaliza kula. Hapo nilishaona hela yangu imeanza kurudi.

Kosa langu: nilibeba begi la mgongoni. Getini wanataka mfuko unaoonyesha vilivyomo ndani, na maelezo yalikuwa kwenye tiketi, mimi ndiye sikusoma. Dakika ishirini na tano kwenda na kurudi garini. Niliporudi timu ilikuwa imeshaingia, ule muingio wao wa kushikana mikono kundi zima, nikausikia tu kwa nje kama ngurumo.

Mchezo wenyewe? Sitawadanganya. Wanacheza sekunde sita, wanasimama, wanajadiliana. Halafu kuna mtu pembeni ya uwanja ambaye kazi yake ni kuzuia mchezo mpaka matangazo ya televisheni yaishe. Dakika 60 za saa ya uwanjani zilichukua saa tatu na nusu za maisha yangu. Mdogo wangu aliangalia weee, akanigeukia: “Yaya, mupira ya miguu njo hii?” Bahati nzuri tuko Iowa, ambako hata ule mpira wa kupigwa kwa mguu kuwarudishia wapinzani mbali unashangiliwa kama bao. Jirani yetu kwenye benchi alitusimulia habari za Tory Taylor, Mwaustralia aliyepiga mipira hiyo msimu wa 2023 mpaka akavunja rekodi ya vyuo vikuu, yadi 4,479. Kumbe hapa mpigaji anaweza kuwa shujaa! Na ni yeye huyo jirani aliyetuambia kuwa chumba cha kubadilishia nguo cha wageni kimepakwa rangi ya waridi ili wapinzani wapoe, akili ya kocha wa zamani wa Iowa, Hayden Fry, aliyesomea saikolojia.

Sasa robo ya kwanza ikaisha. Huyu jirani, ambaye asubuhi yote bia haikutoka mkononi, akainama akaisukuma chini ya benchi. Nikafikiri anaondoka. Akageuka, akanyoosha mikono yote miwili juu, akaanza kupunga. Uwanja mzima umegeuka upande mmoja, wachezaji, waamuzi, hata wale wageni waliokuwa wanazomewa dakika mbili nyuma.

“Banapungia nani?”

Nikamwonyesha. Hospitali ya watoto ya chuo kikuu imepanda juu hapo hapo kando ya uwanja, imefunguliwa 2017, na mwaka huo huo ndipo desturi hii ilipoanza. Kwenye vioo vya ghorofa za juu unaona vivuli vidogo vimesimama, vingine vimebebwa, vinapunga. Mdogo wangu akavua kofia yake. Akaishika mkononi kidogo kama mtu aliyeko msibani, kisha akaanza kuipunga ile kofia kwa nguvu, mpaka robo ya pili imeanza yeye bado anapunga.

Nimeshangilia magoli ya dakika ya tisini kwa Mkapa, na kelele za kule hizi za Iowa hazizifikii. Lakini watu elfu sitini na zaidi wanaopunga kwa wakati mmoja kwa watoto wasiowajua, hilo nilikuwa sijaliona popote.

Kwa nyota, naupa mchezo mbili, siku yenyewe tano. Mkienda, bebeni kitu cha kukalia, maana benchi la alumini Oktoba linaingia mpaka mfupani, na chajini simu kwa sababu tiketi imo humo na mtandao unazidiwa karibu na geti. Sisi tunarudi Novemba. Mdogo wangu ameshanunua mfuko wa plastiki, na kila akiniona kazini ananionyesha.